Swali la Mama Kamusi

Ofisini walimwita Mama Kamusi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameketi kwenye meza ileile ya dirishani, akiandika maana na asili ya maneno. Mwaka ule walikuwa wakitayarisha kamusi ya saikolojia, naye alifika kwenye neno Gestalti, jina la kundi la wanasaikolojia wanaosema kwamba akili huona kitu kizima kabla ya kuona vipande vyake.

Kitabu cha asili ya maneno ya Kijerumani kilikuwa wazi mbele yake, na jibu lilikuwamo. Hata hivyo alichukua simu, akatoka hadi kwenye ngazi, akampigia binti yake wa pekee, muuguzi huko wanakosema lugha hiyo. Binti alikuwa na mwaka wa sita hajarudi. Simu za kujuliana hali alipokea kwa nadra, akisingizia zamu. Swali la kazi ya mama yake hakuwahi kulikwepa.

Alipokea. Baada ya salamu, mama akauliza. Binti akaeleza kwamba siku hizi neno hilo lina maana ya umbo, ila zamani lilitokana na kitenzi cha kuweka: kitu jinsi kilivyowekwa. Mama akamwomba arudie. Akarudia. Akamwomba tena, polepole, ili aandike, na kalamu hakuwa nayo.

"Mama, kitabu hicho unacho. Mimi ndiye niliyekutumia."

Mama alishika ukingo wa ngazi. "Ninacho. Kipo mezani."

"Sasa?"

"Nilitaka kukusikia tu, mwanangu."

Binti akasikika akivuta kamasi. Akasema kwamba kila wakimaliza kuzungumza, kazi humshinda siku nzima, ndiyo maana hukimbia simu. Mwaka huu pia hangeweza kuja; likizo walimnyima. Ila Jumapili angepiga mwenyewe.

Mama alirudi mezani. Mkuu wa kitengo akamuuliza kama neno limepatikana, akajibu kwamba limepatikana. Akaandika asili yake, akafuta, akaandika upya kwa mwandiko mzuri zaidi.

Siku zilizobaki alizihesabu kwa vidole kama mtoto. Jumapili saa nne asubuhi alikuwa akifua shuka uani simu ilipoita ndani. Alikimbia na povu hadi viwikoni.