Ahadi ya Mpaka Jumanne

Dobi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na miwili, na kumi na minane kati ya hiyo aliimaliza akifua na kupiga pasi shuka za hospitali. Alijua kutoa doa la damu, la dawa, la mkojo wa wasiojiweza. Alijua pia kuficha chupa katikati ya shuka zilizokunjwa, mahali asipopekua mtu. Wenzake walimwona mcheshi, kumbe mwenzao kalewa tangu asubuhi.

Siku iliyomvunja ilikuwa Jumapili. Alikuwa akinyoosha sare yake kando ya kitanda cha mama yake, aliyepooza upande mmoja. Akaketi kidogo apumzike, usingizi wa pombe ukamchukua, na pasi ikabaki juu ya nguo mpaka ikashika moto. Mama alimwita mpaka sauti ikamkauka. Alipoona binti yake haamki, akauzima moto kwa mkono wake mmoja uliokuwa mzima.

Mdogo wake Dobi ndiye aliyekuja kumchukua mama. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akasema, "Dada, sikio la kufa halisikii dawa. Mama hutamwona mpaka uache."

Dobi aliacha siku nne. Alijikaza kisabuni, na siku ya tano, kama sabuni, akayeyuka.

Ndipo akamwendea muuguzi mmoja aliyemwamini, akamweleza huku anatazama sakafu. Muuguzi akararua kipande cha boksi la dawa, akamwandikia wanapokutana wanaoacha pombe: Jumanne, saa kumi na moja jioni, nyuma ya maktaba. Dobi alikwenda akakuta kufuli. Mlinzi akamwambia wale walevi walihamishwa baada ya majirani kulalamika, akacheka. Kisha akamtazama usoni, kicheko kikamkatika, akamwelekeza kwenye shule ya msingi upande wa pili wa soko. Jumanne hiyo Dobi alikunywa. Iliyofuata alifika getini akageuka. Ya tatu aliingia.

Lilikuwa darasa la watoto wadogo. Watu saba wazima walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yamewafika vifuani, na ukutani herufi zimechorwa kwa rangi. Aliyeongoza alikuwa kinyozi mwenye duka jirani na soko, ambaye hakuwa amegusa pombe kwa miaka tisa. Kila mtu alisema lake kwa zamu, na hakuna aliyemkatiza mwenzake. Mwalimu mstaafu, bibi mwembamba mwenye miwani, alisimulia jinsi alivyosahihisha mitihani akiwa amelewa akawafelisha watoto waliofaulu. Mmoja wao bado hukutana naye njiani, na humwamkia kwa heshima.

Dobi alisikiliza majuma matatu bila kufungua kinywa. La nne akasema habari ya mkono wa mama. Hakuna aliyeguna. Walipotoka, Kinyozi alimfuata uani.

"Dada, usiape ya maisha," alimwambia. "Hata ya mwaka usiape. Niahidi mimi mpaka Jumanne."

Akaahidi. Jumanne zikafuatana, kumi na moja. Mikono ikaacha kutetemeka, ingawa usingizi haukurudi. Kila alipompigia mdogo wake simu, aliambiwa mama hajambo, basi, simu ikakatwa.

Kisha ikaja Jumanne ambayo Kinyozi hakuonekana. Dobi na Mwalimu walimwendea dukani, wakamkuta kwenye kiti cha wateja, ameelekea kioo, amelewa chakari. Walimuuliza kimetokea nini.

"Hakuna kilichotokea," alisema. "Nilikuwa napita tu mbele ya baa."

Akawaomba waondoke, wakaondoka. Siku ya tisa aligongwa na lori akivuka barabara mchana kweupe.

Walipotoka kumzika, Dobi alinunua chupa. Aliwaza kwamba kama miaka tisa haikumfaa yule, hayo majuma yake yeye ni kitu gani. Lakini ilikuwa Jumanne, na miguu ikampeleka shuleni kwa mazoea. Walikuwa watatu tu. Zamu yake ilipofika alisema, "Ninayo hapa mkobani. Sijaifungua. Nikitoka nayo hapa, nitainywa."

Kisha Mwalimu akainuka, magoti yakimlia.

"Tukaimwage, mwanangu. Lakini twende wote wawili. Mimi peke yangu usiniamini nayo."

Waliishika pamoja, mikono minne, juu ya shimo la choo cha watoto. Harufu ilipopanda, Mwalimu aligeuza uso akalia. Dobi hakulia. Alimeza mate, na akaona haya kwa kuyameza.

Mwezi uliofuata mdogo wake alimruhusu aje. Mama alikuwa ameketishwa dirishani, mkono umekunjamana, vidole vimeshikana kwa kovu. Mdogo mtu alimkabidhi Dobi bakuli na kijiko, akabaki amesimama palepale, mikono kifuani. Dobi akamlisha mama taratibu. Baada ya kijiko cha tatu mama alimwashiria kwa kichwa asogee karibu, naye akainama, akidhani atanong'onezwa neno.

Mama alimnusa mdomo. Akamnusa tena, bila haraka, kisha akafungua kinywa kusubiri kijiko cha nne.