Barua ya Mguu wa Seleman

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nasema mapema ili msije mkashangaa mbele. Wale niliowafundisha Kiingereza hapa Bagamoyo wanajua: ukiniwekea jina kabla ya sifa yake, unafukuzwa barazani siku hiyohiyo. Nililelewa na mapadri Wafaransa, lakini Kiingereza nilikipata Unguja, kwa bwana mmoja Mwingereza niliyemtumikia miaka sita. Nilimwandikia, nikamsomea, hata ndoto nikawa naota kwa lugha yake. Mwaka ninaousema, mwaka mmoja kabla Wadachi hawajaja kukaa forodhani, hapakuwa na mtu mjini wa kunishinda. Nilijua hivyo, na hilo ndilo lililoniponza.

Bi Mardhiya alikuja kwangu Jumatatu asubuhi, ushungi wake umekaa upande.

"Shikamoo, Bi Mardhiya."

"Marahaba, mwanangu Ferdinandi. U mzima?"

"Mzima. Habari za nyumbani?"

"Njema," akasema, akakaa mkekani, akaanza kulia.

Mwanawe wa pekee, Seleman, mguu ulikuwa umerudi kuvimba. Kijana wa miaka ishirini na miwili, ameachiwa na marehemu baba yake biashara ya kwenda bara, na kazi ile ni miguu. Mwaka uliopita alikatwa na panga kwenye muundi, jeraha likafika mfupani. Mabruda wa misheni walimwambia wazi kuwa wao hawana dawa ya mfupa uliooza ila kuukata mguu pajani. Akapelekwa Unguja kwa tabibu wa Kiingereza, naye akauchokonoa mfupa, akausafisha, mguu ukapona. Siku ya kuagana tabibu alimwambia kwa mkalimani: ukivimba tena usipande chombo, mawimbi yatauvunja. Niandikie siku ileile, nitakuja mwenyewe na vyuma vyangu.

"Nakusikia unasifiwa," Bi Mardhiya akasema. "Mwandikie. Lakini mwandikie vizuri, mtu mkubwa yule. Usiingie kwake na ugonjwa mkononi kama mtu asiyebisha hodi. Mwanzo salamu."

"Bi Mardhiya, utanifundisha mimi kuandika barua?"

Mwajua, sikumkatalia. Ningemkataliaje? Barua yetu sisi ina mlango wake. Kwanza unamwombea mwenzako afya, kisha unamwambia sisi huku hatujambo, hapana neno ila kheri, fulani anakusalimu, fulani anakusalimu. Hata kama maiti imelala ndani, hapana neno ila kheri. Halafu ndipo unaandika: baada ya salamu. Hapo kila mtu wa pwani hukaa sawa, maana habari yenyewe ndiyo inakuja. Barua za Waingereza nilizisoma miaka sita, na zilinikera. Wanakurukia na shida zao mstari wa kwanza. Nilijiambia, huyu leo ataona barua ya watu waliolelewa.

Nikaanza kazi. Na kazi, wallahi, ilinikamata. Sisi husema mguu kwanza, ndipo tukasema umekuwaje. Mwingereza hapana, mguu anauficha nyuma. Atasema vibaya, halafu uliovimba, ndipo mguu. Tena vitendo vyao wanavivika nguo za sifa, kuoza kukawa sifa, kuuma kukawa sifa, vyote vikapangwa foleni mbele ya jina moja dogo. Nilitaka kusema kidonda cha zamani, kirefu, kilichofungwa juu ila hakikupona ndani, kinachonuka. Kipi kitangulie? Nikaandika, nikafuta, nikasimama, nikazunguka chumba, nikaketi, nikafuta tena. Nikavunja kalamu mbili za unyasi. Rehani, nahodha wa mashua ya kwenda Unguja, alituma mtu mara mbili kuniuliza. Mara ya pili nilimtukana. Maji yakaanza kupwa, Rehani akaondoka bila barua, nami bado nabishana na nafsi yangu kama neno la "upesi" likae kabla ya "kuja" au mwisho wa sentensi.

Siku nzima ikapotea hivyo. Jumanne alasiri Rehani aliporudi na kuichukua, ilikuwa kurasa tatu, haina doa. Ukurasa wa kwanza wote salamu: sisi sote wazima, hapana neno ila kheri, na Seleman naye hajambo, anakusalimu sana. Mguu ulikuwa ukurasa wa tatu.

Tangu hapo sikukaa kitako. Jumatano nilishuka forodhani mara nne. Nilipita kwa Bi Mardhiya, nikamwona Seleman, uso umekuwa wa manjano, joto lake unalisikia hata hujamgusa. Harufu ilikuwa ndani ya nyumba yote. "Mwalimu," akaniuliza, "atakuja?" Nikamwambia barua ile hata jiwe lingekuja. Nikarudi forodhani. Nilimgombeza mchukuzi mmoja bure, hata kosa lake silikumbuki.

Alhamisi adhuhuri Rehani akafika, peke yake, na kikaratasi.

"Sikumwona sana," akasema. "Nilimkuta anafunga masanduku, meli ya Lamu inamngoja. Akafungua, akasoma mwanzo, akacheka kwa furaha, akanishika mkono. Akaniandikia hiki. Mimi nikajua mambo yamekuwa mazuri."

Nikasoma pale pale, miguu majini. Tabibu amefurahi mno kuona kwamba wote ni wazima na Seleman hajambo. Anashukuru kwa barua nzuri, ataimalizia melini. Akirudi mwezi ujao atapita Bagamoyo kumsalimu.

Nilisoma tena. Jamani, nilitamani nimpige mtu, na mtu mwenyewe hayupo ila mimi. Tabibu alikuwa amesoma kama wanavyosoma kwao, habari iko juu. Nami nilikuwa nikijua. Miaka sita nilikuwa nikijua, nikaiita utovu wa adabu.

Nilikwenda kwa Bi Mardhiya nikikimbia. Alikuwa mlangoni.

"Haji," nikamwambia. "Amekwenda Lamu. Nimemwandikia kwamba mwanao mzima, akaamini."

Alinitazama. "Lakini ndivyo tunavyoandika," akasema polepole.

"Ndivyo tunavyoandikiana sisi. Kosa ni langu, Bi Mardhiya, si lako. Tumchukue misheni sasa hivi."

Tulimbeba kwa kitanda, mimi na Rehani na majirani wawili. Bruda aliufunua mguu, akaufunika, akasema ingekuwa kesho tungemletea maiti. Walimpa dawa ya usingizi, nami nikabaki nje nikihesabu mitende ya uani, nikimaliza naanza tena. Bi Mardhiya alikuwa amekaa chini. Roho ya Seleman ilisalimika. Mguu walituletea kwenye gunia, nikauzika mimi.

Siku ya kumi Seleman aliniita. Nilimkuta amekaa kitandani, shuka upande mmoja limelala bapa. Mama yake alikuwa akimpepea.

"Umekuja na kalamu?"

"Nimekuja nayo."

"Nataka kumwandikia tabibu, asijisumbue kupita."

Bi Mardhiya akaacha kupepea. "Basi mwanzo mwombee afya, mwambie sisi huku hatu..."

"Mama, niachie." Akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma zaidi. "Andika: usije, mguu umekatwa. Ukishaandika hivyo, msalimie."

Nikaandika. Akaniambia nimsomee, nikamsomea kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili. Ilikuwa barua fupi, yenye maneno ambayo mwanafunzi wangu wa mwezi mmoja angeyaweza, na haikunichukua hata muda wa wino kukauka.