Kadi ya Kasian

Katika miaka yangu ishirini ya uongozi wa chama cha wafanyakazi wa umeme, tawi la Mafinga, sheria niliyoihubiri kuliko zote ni hii: fundi akizima laini, anatundika kadi yenye jina lake kwenye swichi, na hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kuiondoa kadi hiyo, hata awe nani. Nilikuwa nikiisema huku nagonga meza. Mameneja waliniogopa, mafundi walinipenda, nami nilijipenda kuliko wote hao.

Halafu nikagombea udiwani. Siku ya kufunga kampeni laini yetu ilizimwa kwa matengenezo. Vipaza sauti vikawa kimya, na wenye viwanda vya mbao wakaanza kunicheka, eti mgombea wa umeme hana umeme. Nikaenda mwenyewe kwenye swichi. Kadi ya Kasian, fundi niliyeanza naye kazi, ilikuwa inaning'inia pale. Nikampigia simu, hakupokea. Nikajiambia kashuka kwenda kula, kaisahau. Haraka haraka haina baraka, watoto tunawaimbia kila siku. Nikaitoa kadi, nikaitia mfukoni, nikawasha.

Kasian alikuwa bado juu ya nguzo, nyuma ya kilima. Mkono wake wa kulia ulikatwa hospitalini Iringa.

Nilikwenda kumwona nikiwa nimeazimia kusema ukweli. Hakuniacha nifungue mdomo.

"Kaka Libe, nimeshawaambia wakubwa wa kazini kadi sikutundika. Ukianguka wewe, nani atatusemea halmashauri?"

Nilipaswa kukataa. Badala yake nilimshukuru, tena kwa machozi. Nikashinda udiwani, yeye akaachishwa kazi kwa uzembe. Siku hizi anauza nyanya Ilula, kando ya barabara kuu, na kila nikipita pale najifanya nimesinzia kwenye gari.

Mwezi uliopita chama kiliandaa semina ya usalama Mbeya kwa mafundi wapya, mgeni rasmi mimi. Nilikwenda na ile kadi ndani ya koti. Nilikuwa nimechoka kuona haya kila ninaponyoa ndevu mbele ya kioo. Safari hii ningeiweka mezani na kusema. Sikujua kwamba Kasian naye ameitwa, awe mfano wa uzembe. Alisimama mbele ya vijana, mkono wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini, akarudia uongo ule ule kwa utulivu. Fundi mmoja kijana, Joyness, akamuuliza kadi yake siku hiyo ilikuwa wapi.

"Niliisahau nyumbani, mwanangu," Kasian alijibu, bila kunitazama.

Vidole vyangu vilikuwa vimeishika ndani ya koti. Neno lilinifika kooni. Nikakumbuka kiti changu cha udiwani, nikalimeza. Mimi ni mtu wa hovyo kiasi hicho, na sitafuti jina zuri zaidi.

Mwishoni nikaitwa kugawa vyeti vya kushiriki. Kasian alikuja wa mwisho, akanyoosha mkono aliobakiwa nao.

"Unisamehe, Mheshimiwa, napokea kwa kushoto."

Ukumbi mzima ulimtazama yeye, kisha ukanitazama mimi. Nikatabasamu, nikamwambia haina neno, nimemsamehe.