Hita Yenye Mlango wa Nje

Mume wangu Ofwono aliigonga ile hita nyeupe ya kupashia maji kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akaigonga tena chini kidogo. Elphas, mwenye duka, alikuwa ameipangusa vumbi kwa shati lake mwenyewe ili ing'ae mbele yetu. Ilitundikwa ukutani katika duka lake upande wa Kenya wa Busia, kati ya majembe na kandili, na kusema kweli ilipendeza kuliko kitu chochote nilichowahi kufikiria kuwa nacho. Mimi nilikuwa nimekwisha kuichagua tangu wiki iliyotangulia. Wanawake wenzangu wa sokoni walikuwa wamekwisha kupata habari.

"Fundi, hii haina shida," Elphas alisema. "Unawasha kiberiti hapa kwenye kidirisha, unafungua koki, maji yanatoka moto papo hapo. Gesi inatoka Kisumu. Hakuna kuni, hakuna moshi."

"Kiberiti nawasha kutoka wapi?" Ofwono aliuliza.

"Hapa mbele."

"Ndani ya nyumba?"

"Sasa utawashia wapi, barabarani?"

Ofwono hakucheka. Alitoa mfukoni kamba yake ya katani yenye mafundo, akapima hita upana na urefu, akaikunja kamba taratibu. "Bomba yake iko nyembamba sana," alisema. "Maji ya Tororo iko na chokaa. Mwaka moja tu, imeziba." Akamshukuru Elphas, tukatoka. Nilitembea nyuma yake mpaka mpakani.

Ulikuwa mwaka wa 1965, na nyumba yetu ilikuwa na magurudumu sita. Mzungu mmoja aliyekuwa akipima mawe katika vilima vya Sukulu alikuwa ameishi ndani ya lori hilo miaka mingi, na aliporudi kwao baada ya uhuru alimwachia mume wangu, kwa kuwa Ofwono peke yake ndiye aliyeweza kuliwasha asubuhi za baridi. Nyuma ya usukani kulikuwa na chumba kimoja cha mbao na bati: kitanda, meza ya kukunja, beseni lililofungwa ukutani, na hita ndogo ya mafuta ya taa. Ofwono alitengeneza mashine za kusaga, nasi tulihama na kazi. Wiki tatu Masinya, mwezi mzima Kiyeyi kwao, halafu Tororo, halafu Busia. Binti yetu, Athieno, alisoma bweni kwa masista. Mimi nilinunua simsim huku nikaiuza kule. Siku za soko niliondoka kabla jua halijachomoza, nikarudi alasiri. Ofwono alishinda chini ya turubai kando ya lori, kazungukwa na vyuma vyake. Yeye Mjopadhola, mimi Mwiteso, tuliongea Kiswahili cha soko, na kilitutosha hata kwa ugomvi.

Hita ya mzungu ilikufa mwezi wa nane. Ofwono alipoifungua, mabomba yalikuwa yamejaa chokaa nyeupe, nene kama ukoko wa ugali chunguni. Kwa watu wengine hita ni kitu cha kuogea tu. Kwangu ilikuwa habari ya mama yangu.

Mama yangu, Ariokot, aliishi peke yake Buteba, na katika watoto wake nilibaki mimi tu. Baridi yabisi ilikuwa imemkaza viungo. Asubuhi vidole vyake havikufunguka mpaka avitumbukize ndani ya maji moto kwa muda mrefu, na bila hivyo hakuweza kushika kikombe wala kujifunga kitambaa kichwani. Aliyempashia maji hayo ni Teopista, binti wa jirani, na Teopista alikuwa akiolewa Jinja kabla ya Krismasi. Baada ya hapo hapakuwa na mtu wa kumtazama.

Ningemleta kwangu. Lakini kwangu kulikuwa na chumba kimoja, na chumba hicho kilikuwa cha mkwe wake. Kwetu Iteso, na kwao vilevile, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, na habari za mmoja wao kuoga hazitajwi mbele ya mwenzake. Siku ya harusi yangu mama alijifunika shuka mpaka puani, na Ofwono akatazama viatu vyake. Miaka kumi na miwili ilipita hivyo. Kila walipokaribia kukutana njiani, mmoja wao aliingia ghafla kwenye mihogo ya watu.

Kwa hiyo sikumwomba. Nilisema tu jioni moja, nikipepeta simsim, "Teopista naolewa kabla ya Krismasi." Ofwono alisema, "Aha." Basi. Aha hiyo ilinikera wiki nzima.

Nilikuwa na mpango wangu. Hita ya Elphas ilikuwa nyembamba. Ingetundikwa juu, na chini yake pangebaki nafasi ya kitanda kidogo. Nilikuwa nimepima kwa shibiri, mara mbili, Ofwono akiwa mashineni. Yeye angelala wapi, na siku za soko nani angemwashia mama kiberiti kwa vile vidole vilivyokaza, hayo nilikuwa nimeyaacha yajitatue yenyewe.

Siku mbili baada ya kutoka kwa Elphas, Ofwono alinichukua mpaka Tororo, kwa mtu mmoja aliyeuza vyuma chakavu nyuma ya stesheni. Jina lake Ojulong. Zamani alikuwa mtumishi katika behewa la mkaguzi wa reli, na behewa lilipovunjwa yeye aliondoka na hita yake. Lilikuwa pipa jeusi la chuma, refu mpaka kiunoni mwangu, lenye tumbo. Chini lilikuwa na kimlango cha kutilia kuni, na juu ya kimlango, koki ya shaba.

Ofwono alipiga magoti mbele yake. Aliingiza mkono mpaka kwapani, akautoa ukiwa mweusi, na uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyekutana na ndugu.

"Mkono inaingia," alisema. "Chokaa nakwangua."

"Hii, bwana alikuwa ndani naoga," Ojulong alieleza. "Mimi niko nje kwenye ngazi ya behewa. Siruhusiwi kuingia. Naweka kuni hapa, nafungua koki hapa, maji nakwenda kwa beseni yake. Miaka tisa. Huyo mtu sijamuona bila koti."

Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilisikia kila neno na sikuelewa hata moja, kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye tumbo la lile pipa, nikilipima kwa shibiri za moyoni. Lingekaa mahali pa kitanda cha mama yangu na bado lingezidi.

"Baba Athieno, hii mzigo tutaweka wapi?"

"Itapata mahali yake."

"Na ile nyeupe?"

"Nilisema. Bomba iko nyembamba."

Sababu ya chokaa ilikuwa ya kweli. Ofwono hakuwa mtu wa kusema uongo. Alichagua tu kweli ya kusema na kweli ya kunyamazia. Lakini siku hizo sikuwa na subira ya kupambanua mambo hayo. Nilijua nilichojua: kwamba mume wangu amemfungia mama yangu nje kwa pipa la chuma, na hana hata ujasiri wa kutamka. Siku tatu nilimpakulia chakula bila kusema neno. Nilimchukia. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu yeye mwenyewe sasa amelala Kiyeyi na maneno yangu hayawezi kumuumiza.

Siku ya nne nilirudi kutoka sokoni nikakuta ukuta wa nyumba yangu una tundu. Alikuwa ameukata kwa patasi, kingo akazikunja vizuri zisikwaruze mtu. Pipa lilikuwa nje. Lilikaa juu ya vyuma viwili alivyovifunga kwenye mwili wa lori, kimlango chake kikitazama barabara, koki yake huko huko nje, na bomba moja fupi tu likipita kwenye lile tundu mpaka juu ya beseni. Ndani hapakupungua hata shibiri moja. Tena paliongezeka, maana hita ya mzungu haikuwapo.

Kisha nikaona vitu vyake. Kigoda, koti, wembe, viatu vya kanisani, vyote vilikuwa chini ya turubai, vimepangwa kando ya kitanda cha mbao ambacho asubuhi hakikuwapo.

"Hii nini?" nikauliza.

"Sasa nyumba ni yako," alisema, macho kwenye nati aliyokuwa akikaza. "Mimi sina nyumba. Mtu akikuja kulala kwako, si amekuja kwako?"

Hakutaja mtu gani. Heshima haikumruhusu.

"Na siku ya soko?"

"Siku ya soko mimi nawasha moto. Moto iko nje, koki iko nje. Maji naingia, mimi siingii." Alikaza nati mpaka ikalia. "Nikigonga mara mbili, ni moto tayari. Ikitosha, agonge na yeye."

Niliketi juu ya gunia langu la simsim. Sikulia. Niliona haya, haya ya kuchoma masikio, na nikamwambia chakula chake kitakuwa tayari sasa hivi, ingawa hata moto sikuwa nimewasha.

Mama alikataa kwanza. Alisema hajawa kichaa wa kwenda kulala kwa mkwe.

"Si kwake tena," nikamwambia. "Ni kwangu."

"Yeye anaingilia wapi?"

"Haingii."

"Na maji yangu atayapasha nani, wewe ukienda zako sokoni?"

Nikaona siwezi kumtaja mkwe wake. "Hita," nikajibu.

Mama alikuwa mzee, si mjinga. "Basi," alisema, "nitaongea na hita."

Alikuja wiki ya Krismasi, akibebwa kwa kiti. Ofwono akapata kazi ya haraka nyuma ya mashine, akasimama huko ametupa mgongo mpaka mlango ulipofungwa.

Yaliyofuata niliyasikia siku nilizobaki nyumbani. Asubuhi chuma kiligongwa mara mbili. Maji yalikuja yakitoa mvuke, mama akatumbukiza mikono, akafumba macho. Yakitosha, aligonga ukuta kwa kikombe, na koki ikafungwa. Halafu, vidole vilipoanza kulegea, na ulimi nao ukalegea. Alisema Kiteso, na Ofwono alikielewa vizuri baada ya miaka mingi ya kutengeneza mashine za watu wetu.

"Wewe hita, leo umechelewa. Jana ulikuwa kwenye pombe?"

"Hita, haya ni maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Ongeza kuni."

Na huko nje kuni zikasikika zikiingia. Mvua za mwezi wa nne zilimkuta Ofwono chini ya turubai, akapata kikohozi. Mama akaiambia hita kwamba hita yenye kifua kibovu hunywa tangawizi, tena inywe asubuhi na jioni, na imwambie mke wake aache uvivu. Mke wake nilikuwa pale pale nikimsuka mama nywele. Ofwono hakujibu hata siku moja, aligonga tu. Ila asubuhi moja nilipozunguka kuchukua ndoo nilimkuta amechuchumaa mbele ya kimlango, mkono mdomoni, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Tulihama na mama Masinya, Kiyeyi, tukarudi Tororo. Kule Kiyeyi ndugu zake Ofwono walimcheka kwamba amefukuzwa nyumbani na mama mkwe. Akawaambia ni kweli, na kwamba nje kuna hewa nzuri.

Mama alifariki mwezi wa pili wa mwaka wa 1967, siku ya soko, mimi nikiwa Busia. Ofwono aligonga mara mbili, akafungua koki, akangoja kikombe. Hakikugonga. Alifunga koki, akagonga tena, akangoja. Hakuingia. Alikwenda mashineni akamwita mwanamke mmoja, Agwang, aingie badala yake, na Agwang alipotoka akiwa ameshika kichwa, yeye alirudi kwenye kimlango akaendelea kutia kuni. Nilipofika alasiri pipa lilikuwa limejaa na linachemka. Alisema alijua maji yatahitajika, na kweli yalihitajika. Alifungua koki kutoka nje, nasi wanawake tukamwosha mama ndani.

Tulimzika Buteba. Ofwono alisimama mbali, kando ya lori, kofia mkononi.

Siku ya tatu baada ya mazishi alirudisha kigoda chake ndani. Aliketi, akatazama beseni, akatazama lile bomba fupi, kisha akaanza kupangusa spana ambayo haikuwa na uchafu wowote.

"Mama Athieno."

"Naam."

"Sura yake alikuwa namna gani?"

Nilimtazama nikidhani anatania. Miezi kumi na minne. Alijua kikohozi cha mama, alijua siku ambazo magoti yalimuuma zaidi, alijua joto la maji yake kuliko nilivyolijua mimi niliyetoka tumboni mwake. Nilisikia uchungu, wa kwanza tangu kifo chenyewe.

"Alikuwa mweusi kuliko mimi," nilisema. "Paji la uso pana. Na hapa juu, kwa meno ya mbele, alikuwa na mwanya."

Ofwono aliitikia kwa kichwa, polepole, akaiweka spana chini.

"Mwanya nilijua," alisema. "Maneno yake ilikuwa natoka na upepo kidogo."