Jina Mkiani mwa Wimbo

Watangazaji wote huniuliza swali moja, kana kwamba wameandikiwa na mtu mmoja: Bhinda, umaarufu una ladha gani? Huwa natabasamu, naweka sawa kilemba, nasema ni neema ya Mungu na mapenzi ya mashabiki. Uongo mtupu. Umaarufu wangu niliutafuta kwa hasira na nikaupata kwa hasira, na kila nilipopanda jukwaani kulikuwa na mtu mmoja tu niliyetaka kumkomoa. Anaitwa Nimma wa Ludhiana.

Muziki wetu wa Punjab una desturi yake. Mwandishi wa wimbo hujitaja mwenyewe kwenye ubeti wa mwisho, jina lake na kijiji chake, na mwimbaji, awe mkubwa kiasi gani, humtaja hivyo hivyo. Ndiyo maana wazee wetu hawaulizi wimbo ni wa nani. Wananyamaza, wanasubiri mkia.

Miaka tisa iliyopita nilikuwa nagonga milango ya studio za Mohali na daftari langu kwapani. Nimma ndiye aliyekuwa juu wakati huo. Picha yake ilichorwa nyuma ya malori, na harusi isiyokuwa na wimbo wake ilionekana kama ya mkosi. Nikampa wimbo niliomwandikia baba yangu, Gurdit, ambaye aliendesha mashine ya kuvuna kwa misimu thelathini, akavuna ngano ya watu wengine na kumeza vumbi lake mpaka kifua kikafunga. Nimma aliusoma pale pale, akanikumbatia, akaniita mdogo wangu.

"Huu nauimba kama ulivyo," alisema. "Sigusi hata nukta."

Nikapiga simu nyumbani Salaura nikiwa nimesimama katikati ya barabara kama mwehu. Baba wakati huo alikuwa hainuki tena. Siku wimbo ulipotoka aliamuru kitanda chake cha kamba kipelekwe uani, majirani waitwe, mama achemshe chai ya maziwa sufuria nzima. Nilikuwepo. Nilikaa karibu na miguu yake. Wimbo ukaanza, watu wakatikisa vichwa, wanawake wawili wakafuta machozi, na ulipofika ubeti wa mwisho baba akainua kidole kimoja ili watu wanyamaze.

Spika ikasema: Nimma wa Ludhiana.

Kidole kikabaki juu kidogo, halafu kikashuka. Jirani yetu Ajaib, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika tangu azaliwe, akanywa chai yake, akauliza, "Gurdit, kwani kijana wako amehamia Ludhiana? Na jina amebadili lini?"

Watu wakacheka. Si kicheko kibaya sana, ni kile cha majirani, lakini kilinichoma. Nikaanza kueleza, nikaleta daftari, nikaonyesha mwandiko wangu. Baba hakujua kusoma. Alinitazama kwa muda mrefu, bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Mwanangu," alisema, "ungeniambia tu kwamba huna wimbo. Ningekupenda vile vile."

Alifariki siku ya kumi na moja baada ya hapo. Aliondoka akiamini amezaa mwongo.

Nilikwenda kwa Nimma baada ya mazishi. Hakujificha, wala hakuona haya. Alikuwa anakula mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kiganja.

"Sasa unalia nini?" aliniuliza. "Soko halimjui Bhinda. Na majina yenyewe yanakaa kwenye pigo lile lile. Bhinda, Nimma. Salaura, Ludhiana. Ungekuwa na jina refu ningeshindwa, ningekuacha. Jina lako ndilo lililokuponza, mdogo wangu."

Siku hiyo niliapa. Nikaacha kuwaandikia watu, nikaanza kuimba mwenyewe, nikichanganya ngoma zetu na kufokafoka kwa vijana wa mjini. Wakosoaji wanasema nyimbo zangu zina majivuno kwa sababu najitaja kila ubeti. Wanaandika makala ndefu kuhusu tabia yangu. Hawajui kwamba najitaja kwa ajili ya mzee mmoja aliyekwisha kufa, nikijaribu kulitia sikioni mwake jina ambalo hatalisikia tena. Uwanja mzima unaweza kuliimba jina langu mpaka sauti zikauke, bado nahisi umeliimba baada ya mlango kufungwa.

Nimma naye akaanza kushuka. Vijana walimchoka. Malori yakapakwa rangi upya, safari hii na sura yangu. Nilifurahi, sitadanganya. Mwaka jana mtangazaji mmoja wa televisheni aliniuliza ni lini niliumia zaidi, nikaisimulia habari ya kidole cha baba, yote, neno kwa neno. Jina la mwizi sikulitaja. Watu walinisifu kwa ustaarabu. Haukuwa ustaarabu. Nilikuwa namwekea akiba.

Miezi mitatu baadaye akanipigia simu. Alitaka wimbo.

Alikuja studio kwangu saa nne asubuhi, ndevu amezitia rangi nyeusi mno, tumbo limeshuka. Hakuomba kwa kujidhalilisha, lakini aliomba. Nikampa chai. Nikamwambia nitamwandikia, ila kwa sharti moja: atauimba kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la kijiji changu, siku ya mieleka, mbele ya watu wa Salaura. Akakubali kabla sijamaliza sentensi.

Niliuandika kwa siku sita na ni wimbo mzuri kuliko wote nilioandika. Nasema hivyo bila aibu. Ni sifa kwa wakulima, una kiitikio ambacho hata mlemavu wa sauti angekiweza. Sumu niliiweka mkiani. Waandishi wetu, wakifika kwenye jina lao, hujishusha: mimi mjinga wenu, mimi vumbi la miguu yenu. Nami nikajishusha hivyo hivyo. Mshororo wa mwisho ulisema kwamba mkitaka kumjua aliyekula jasho lenu, ni fulani wenu, Bhinda wa Salaura. Pale pa fulani niliweka neno la upande wa mama yangu. Sitaliandika hapa, kwa sababu mama bado ana nguvu za mkono. Ni neno la mtu anayekuja msibani, akalia kuliko wafiwa, kisha akaondoka na vyombo vya marehemu. Salaura hata mtoto analijua, maana mama alikuja nalo alipoolewa. Ludhiana hawajawahi kulisikia.

Mtego wangu ulikuwa wa haki, au ndivyo nilivyojidanganya. Nilimjua Nimma. Angefika kwenye Bhinda wa Salaura, mkono ungemwasha, angebandika jina lake kama alivyozoea. Asingeibiwa wala kusukumwa na mtu. Angejitukana kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya Ajaib na kijiji kizima, kwenye kipaza sauti.

Alipokuja kuuchukua, akausoma mbele yangu mpaka kwenye lile neno, akasimamisha kidole. "Hili ni nini?"

"Unyenyekevu wa kwetu," nilimjibu. "Kama vumbi la miguu yenu."

"Linakaa vizuri kwenye pigo," akasema, akaendelea kusoma. Nimma hasomi maana, anasoma mapigo. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari lake, nikamfungulia mlango kwa heshima zote.

Siku ya tamasha jua lilikuwa limesimama. Wanaume walijaa kwenye matrela ya matrekta, wanawake walikaa upande wa hekalu, mama yangu akiwa mstari wa mbele kwa sababu siku hizi wanakijiji wanampa kiti. Nilisimama chini, karibu na ngazi ya jukwaa, nikala jilebi mbili bila kuhisi utamu. Ajaib alikuja kunipiga bega.

"Leo umetuletea yule wa Ludhiana?" akasema. "Au wewe ndiye yeye? Mimi nimechanganyikiwa tangu ile chai."

"Subiri mkia, baba mdogo," nikamwambia.

Nimma aliimba. Nikubali, aliimba vizuri. Sauti ya zamani ilirudi kana kwamba ilikuwa imeenda sokoni tu. Watu walisimama juu ya matrela, kiitikio wakakidaka mara ya pili, na mimi, kwa furaha chafu, nikawa nahesabu beti. Ya tatu. Ya nne. Kabla ya ubeti wa mwisho akainua mkono, wapigaji wa ngoma za dhol wakanyamaza. Hilo hatukupanga.

"Watu wa Salaura," alisema, "nilimsikia mtu kwenye televisheni anamsimulia baba yake. Aliyemkosea hakumtaja, na alikuwa na haki ya kumtaja. Ni mimi. Miaka tisa iliyopita nilifuta jina la mwenye wimbo nikaandika langu. Mzee Gurdit alisubiri jina, akasikia langu. Leo nimekuja kulisema mahali palipostahili lisemwe."

Nikaanza kupanda ngazi. Nilitaka kumzuia, sijui ningemwambia nini. Alifumba macho akaimba ubeti wa mwisho kama nilivyouandika, bila kugusa hata nukta. Lile neno likatoka, wazi, limepambwa kwa sauti nzuri, na nyuma yake likaja jina langu na kijiji changu.

Kisha mtu mmoja kwenye trela akaguna, mwingine akacheka, kicheko kikatembea mpaka nyuma. Nimma akafumbua macho, akaona watu wanacheka, akadhani wamefurahi. Akanivuta mkono nikawa pembeni yake, uso wake umelowa.

"Nimelitaja, mdogo wangu," alisema sikioni mwangu. "Umesikia?"

Nilisikia. Nilimtazama mama. Hakuwa anacheka. Mama si mtu wa kuelezwa mara mbili. Alijua mtu wa Ludhiana hawezi kulipata neno lile popote isipokuwa kwangu, na mimi sikulipata popote isipokuwa kwake. Alijua lilikuwa limeandikwa kwa ajili ya nani.

Watu wakaanza kupiga kelele turudie. Ndiyo kawaida yetu, mkia ukipendeza unaombwa tena. Simu zote zikainuliwa, maana mara ya kwanza hakuna aliyejiandaa. Nimma akaniwekea kipaza sauti mkononi.

"Imba wewe," akasema. "Ni wako."

Ningeweza kusema basi. Ningeweza kuliruka lile neno, kuweka mjinga wenu, kuweka vumbi la miguu yenu, yote yanakaa kwenye pigo. Nilikuwa na muda wa mishororo mitatu ya kufikiri, na ninafikiri haraka, ndiyo kazi yangu. Lakini niliona kile kidole kikishuka. Niliona maganda ya alizeti. Nikamwona Ajaib, ameshika tumbo kwa kicheko, na nikajua kwamba kesho kijiji kizima kitaniita kwa lile neno. Hasira ya miaka tisa haikujua kwamba imeombwa msamaha. Ikafungua mdomo wangu.

Nikaliimba lile neno kwa nguvu zangu zote, na nyuma yake nikaweka Nimma wa Ludhiana. Lilikaa kwenye pigo vizuri mno.

Salaura ililipuka. Watu walirusha noti jukwaani. Walielewa, wote walielewa, isipokuwa yeye. Nimma alishika kifua, akainamisha kichwa. Alidhani namrudishia heshima. Alidhani, mbele ya watu wangu, nimemgawia wimbo. Akanikumbatia kwa nguvu, akalia begani kwangu kama mtu aliyetuliwa mzigo, akasema kwenye kipaza sauti, "Mmeona moyo wa huyu mtu?"

Nilipotazama tena mstari wa mbele, mama alikuwa ameshainuka. Aliondoka taratibu kupitia upande wa hekalu, viatu mkononi, na wanawake wakampisha. Sikumfuata. Nilikuwa bado nimekumbatiwa.

Nyumbani alinitengea chakula kama kawaida, roti ya mahindi na mboga, akakaa ng'ambo ya jiko.

"Yule mtu alilitaja jina lako," alisema. "Nililisikia mimi kwa niaba ya baba yako. Sasa wewe ulikuwa unatafuta nini tena?"

Nikamega roti, nikala.

Ile video imetazamwa na watu wengi kuliko wimbo wangu wowote. Wachekeshaji wanaiigiza, vijana wa mpaka Kanada wamejifunza lile neno, na Nimma kila wiki hunitumia salamu za kunishukuru kwa umaarufu wake mpya. Siku atakapomkuta mtu wa upande wetu wa kumfafanulia, sijui nitamtazama vipi. Ile mara ya kwanza, alipoliimba jina la mwana wa Gurdit, hakuna aliyeirekodi. Nimeulizia nyumba kwa nyumba. Iliyobaki duniani ni hii ya pili, yenye sauti yangu, na mkiani mwake jina langu halimo.