Chura wa Tuta la Maboga

Jirani yetu Rufino Ledesma alikuja asubuhi na koleo na kopo la mafuta ya taa. Farasi wake jike alikuwa amekufa jana yake, naye alishaamua kwamba muuaji ni chura mwenye pembe anayekaa kwenye tuta la maboga la dada yangu Delmira. Kwetu huku kwenye nyanda za Chako, wengi husema chura yule ana sumu, na ukimuua bila kumchoma akawa majivu, atakurudia.

Dada alikuwa na mwaka wa tatu akimtazama. Mpana kama sahani, kijani chenye mabaka ya kahawia, vipembe viwili juu ya macho, na mdomo mpana uliochukua nusu ya mwili. Hujifukia udongoni akabakisha macho tu. Panya akipita, huchezesha vidole vya mguu wa nyuma kama mnyoo. Panya akisogea kutazama, kichwa kishaingia mdomoni mwa chura, mkia nje. Tangu aje, maboga yetu hayagugunwi.

"Sogea, Delmira. Sina ugomvi na wewe."

"Mimi ninao."

Dada akamuuliza farasi alikunywa wapi. Rufino akasema bwawani, kama siku zote. Na Jumamosi mapipa ya dawa ya kunyunyizia soya aliyaoshea wapi? Sote tulimwona akiyaoshea humo bwawani. Vyura wadogo waliibuka matumbo juu, akadai ni joto.

Dada akainama, akampelekea chura mkono. Ukang'atwa papo hapo. Akainuka chura akining'inia kidoleni, damu ikichuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Kama ana sumu, nife hapa, unizike na farasi wako. Nisipokufa, utawaambia watu uliosha nini bwawani."

Rufino akamwambia aache wazimu. Hakuacha. Nilileta maji, akayakataa. Nusu saa ikapita ndipo chura akaachia, akarudi kujifukia kwenye tuta lake. Rufino akaokota koleo, akaondoka.

Hakumwambia mtu. Dada akazunguka mwenyewe nyumba kwa nyumba kueleza kilichooshewa bwawani, mkono umefungwa kitambaa. Wengine walimcheka. Kesho yake Kasilda, mke wa Rufino, akaja na bunda la waya, tukazungushia bwawa ili mifugo isinywe tena, bila maneno mengi.

Rufino hatusalimii mpaka leo. Dada hajamsamehe, wala mimi simwombi amsamehe.