Ndimu za Masilamani

Asubuhi ya Ijumaa Thenmozhi alivua viatu, akapiga magoti kwenye vigae vya duka la magari alikofanya kazi, barabara ya Avinashi mjini Coimbatore, kusini mwa India, akaweka ndimu moja mbele ya kila tairi la gari jipya la Masilamani, fundi cherehani wa Peelamedu. Gari lilikuwa Lirella nyekundu, dogo, lililobuniwa Ulaya na kuunganishwa Chennai. Boneti ilikwisha kupakwa manjano na msandali, shada la maua lilikwisha kufungwa, na kafuri ilikuwa inawaka juu ya sinia. Kuhani wa hekalu la jirani, ambaye alikuwa na magari mengine ya kubariki kabla ya chakula cha mchana, alimwambia Masilamani awashe injini. Gari likisonga, ndimu hupasuka, na husuda ya majirani hupasuka pamoja nazo.

Lirella ilisonga. Ndimu nne zikatokea upande wa pili wa matairi zikiwa nzima, zimetulia kwenye vigae kama mayai kuku anapoinuka.

Masilamani alitoa kichwa dirishani, akazitazama, akarudi kinyumenyume, akazipita tena. Zilikuwa vilevile. Mkewe, Sornam, aliziokota, akazifuta kwa ncha ya sari na kuzitia kwenye mkoba wake.

"Kwa bei ya ndimu siku hizi," alisema, "gari limeshaanza kutuwekea akiba."

Watu wakacheka, picha ikapigwa, funguo zikatolewa.

Tangu siku hiyo hakuna Lirella iliyopasua ndimu. Bosi wa duka, Bwana Varadarajan, hakuwa mtu wa kuhangaika na sababu. Aliagiza ndimu zilizoiva kupita kiasi. Hizo nazo zilipotoka salama, akaamuru zichanwe kwa wembe upande wa chini zikiwa bado kwenye sinia, ili gari likipita vigae vilowe. Wateja waliridhika. Kuhani alipoulizwa, alisema maandiko yanataka ndimu ipasuke, hayasemi ipasuliwe na nani.

Ukaingia mwezi wa Aadi wa kalenda ya Kitamil, na upepo wake unaopenya pengo la milima kutoka Palakkad. Wazee wa Coimbatore husema upepo wa Aadi hurusha hata jiwe la kusagia. Jiwe la kusagia bado lilikuwa halijaonekana likiruka, lakini Lirella zilizoegeshwa uani ziliinuka. Hazikwenda mbali. Zilipanda kimo cha goti, zikageuka taratibu kuelekea mashariki, zikatua zimekaa upande. Bwana Varadarajan alinunua kamba za makumbi kutoka Pollachi, akayafunga magari kwenye nguzo kama ndama. Baadaye akaanza kuuza, pamoja na mapazia ya madirisha na sanamu za miungu za kubandika mbele ya dereva, mfuko wa mchanga wa kuweka kwenye buti, ulioshonewa kitambaa cha rangi ya viti. Aadi ni mwezi wa nuksi, watu hawanunui kitu kipya, kwa hiyo magari yote yalikuwa yameshushwa bei. Mchanga haukushushwa.

Kwenye barabara ya Palladam, Masilamani alimkwepa mbuzi akagonga mkwaju. Hakuwa anakwenda mbio. Mti ulichubuka gome kidogo. Lirella ilikunjika kama karatasi ya kufungia maua ya yasmini, na Masilamani akakunjika ndani yake. Askari wawili wa barabarani walilinyanyua gari kwa mikono, wakaliweka kando ili mabasi yapite.

Baada ya matanga Sornam alikuja dukani. Paji lake la uso halikuwa tena na alama nyekundu ya mwanamke mwenye mume. Alitoa ndimu nne kwenye mkoba, akazipanga juu ya meza ya Thenmozhi. Zilikuwa bado za kijani, hazina hata kunyanzi.

"Zichukue, binti. Zilikuja na gari."

Alikataa kiti, akakataa kahawa, akaondoka. Thenmozhi alizitia ndimu kwenye mtoto wa meza. Alitaka kumfikiria Masilamani, jinsi alivyopima urefu wa kiti cha dereva kwa shibiri kama anayepima kanzu, lakini alichokifikiria kilikuwa kingine, na alijichukia kwa hilo. Alifikiria Lirella ya buluu iliyofungwa kwenye nguzo ya mwisho uani. Hiyo ilikuwa ya dada yake, Poongodi, na mumewe, na watoto wao wawili. Ni Thenmozhi aliyewashawishi waweke arubuni. Aliwaambia ina macho kama ya ndama.

Kabla Aadi haijaisha alifika mgeni kutoka makao makuu Ulaya, Bwana Delmotte, na ndani ya kontena ikaja Lirella moja ya aina inayouzwa kwao, kwa ajili ya maonyesho. Rangi ileile, taa zilezile, tabasamu lilelile. Kuhani aliibariki hiyo pia, maana kuiacha ingekuwa kumvunjia mgeni heshima. Ilipopita, ndimu zilipasuka hadi mbegu zikaruka ukutani, na kigae kimoja kikaatuka. Upepo ulipovuma uani gari lile halikuhitaji kamba. Lilisimama tu.

Bwana Delmotte alikuwa mtu mpole na alieleza kila kitu kwa furaha. Lirella ya kwao ina mihimili ya chuma ndani ya milango, na mifuko ya hewa inayofumuka kumkinga mtu kifua na kichwa. Katika Lirella ya huku mihimili iliondolewa, mifuko ikaondolewa, bati likapunguzwa unene. Kitu pekee kilichoongezwa ni nembo ya mbele, ikafanywa kubwa zaidi, kwa kuwa utafiti ulionyesha kwamba watu wa huku wanaipenda. Sheria haikuvunjwa hata moja. Aliuliza kama kuna maswali.

Thenmozhi, ambaye alisomea uhandisi na kupata kazi ya kuuza magari, aliinua mkono.

"Mikwaju ya huku ni laini kuliko miti ya kwenu?"

Bwana Delmotte alilitafakari swali kwa heshima. Alisema hana takwimu za miti. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayefariji, kwamba kila soko hupata gari ambalo linaweza kulilipia. Bwana Varadarajan alimkanyaga Thenmozhi mguu chini ya meza, akaagiza chai. Mgeni alipoaga aliomba ndimu moja nzima awapelekee watoto wake, na gari lake likarudishwa kwenye kontena.

Jioni hiyo Thenmozhi alikwenda Singanallur kwa dada yake. Hasira ilikuwa imemkaa kooni kama mwiba wa samaki, naye alizaliwa katika nyumba isiyokula samaki. Poongodi alikuwa jikoni anapika dosa, chapati nyembamba za mchele.

"Dada, lirudishe lile gari. Arubuni nitakulipa mimi."

"Limekukosea nini?"

"Ni bati tupu. Likigonga kitu, hamtoki."

Poongodi aligeuza dosa, akaibana kingo. Alimweleza jinsi walivyokwenda juzi kwa mama mkwe: mumewe Kumaresan kwenye usukani wa skuta, mtoto wao Mani amesimama katikati ya magoti yake, nduguye Nila amebanwa nyuma ya baba, yeye nyuma amekaa upande na mwavuli mkononi. Lori likawapita. Mwavuli ukaondoka na lori.

"Sasa niambie, msomi wangu," alisema. "Hiyo skuta ina mhimili gani mlangoni?"

"Haina mlango, dada."

"Haya. Kula, inapoa."

Thenmozhi hakula. Alisema liko jingine, amelishika kwa mkono wake, limetengenezwa na watu walewale wanaojua kabisa mti ni nini na kifua cha mtoto ni nini. Alisema wakikataa wote, kila nyumba, mji mzima, watalazimika kulileta. Aliamini hivyo.

Poongodi alimtazama kama alivyokuwa akimtazama zamani alipokuwa akirudi kutoka shuleni na ndege wagonjwa.

"Likija kwa bei yetu, niite hata usiku wa manane. Lakini mvua haisubiri mji mzima. Na wewe usije ukamwambia mama."

Mama yao alikuwa na malalamiko yake tayari, nayo hayakuhusu chuma. "Mwezi wa Aadi hata bibi arusi hurudishwa kwao," alisema, "na nyinyi ndiyo kwanza mnaleta gari nyumbani?" Lakini bei ilikuwa ya mwezi huo tu, akanyamaza. Aliposikia habari za upepo, aliingia jikoni, akaonyesha jiwe lake la kusagia, lile alilokuja nalo alipoolewa, akamwamuru Kumaresan alitie kwenye buti. Kununua mchanga, alisema, ni kazi ya wapumbavu.

Siku ya kuchukua gari, Bwana Varadarajan alisogeza sinia yenye ndimu zilizochanwa.

"Binti, tumia hizi."

"Ninazo zangu," alisema Thenmozhi, akafungua mtoto wa meza.

Alipiga magoti, akaweka ndimu za Masilamani moja mbele ya kila tairi. Kuhani alizungusha kafuri. Kumaresan alifungua kamba. Poongodi, mwenye yasmini mpya kichwani, aliketi mbele na Mani mapajani, na Nila akapunga mkono nyuma ya kioo kana kwamba anakwenda mbali. Gari likasonga. Ndimu zilitokea nzima, hata zile za nyuma zilizopitiwa na jiwe.

Langoni upepo uliliwahi. Matairi ya nyuma yaliachana na ardhi, yakakaa hewani kidogo, kisha jiwe la mama likayarudisha chini. Kumaresan alipiga honi moja ya furaha, akaingia barabara ya Avinashi katikati ya malori.

Thenmozhi alikuwa bado pekupeku. Aliweka kisigino juu ya ndimu mojawapo, akainua mguu wa pili. Alikuwa mwembamba, mama yake humwambia kila siku kwamba atapeperushwa. Ndimu ilipasuka. Maji yaliingia kwenye ufa wa kisigino, yakamchoma. Alikwenda kwenye ya pili, kisha ya tatu, kisha ya nne, na zote zikapasuka chini ya mtu mmoja.

Bwana Varadarajan alitazama mpaka alipomaliza. Alisema ni vizuri, asifute, kwa kuwa mteja anayefuata angependa kukuta vigae vimelowa. Kisha akamsogezea sinia.

Mteja alikuwa ameshavua viatu, na mkewe pia. Thenmozhi alipiga magoti. Kisigino kilikuwa bado kinawaka.